Wanawake Tisa Kwenye Taarifa Yangu ya Benki

Ningependa kusema deni langu lilitokana na ugonjwa, au msiba, au rafiki niliyemdhamini akatoroka. Watu wenye madeni ya namna hiyo huyasimulia bila kuona haya. Langu lilitokana na kujiandaa.

Mimi ni karani wa nyaraka katika kampuni ndogo inayotoa mizigo Bandari ya Jeddah. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichomo ndani ya kontena, na kama sicho, nijue kabla ya mtu wa forodha. Sikuisomea. Nilimaliza kidato cha nne Mombasa, nikajifunza kompyuta kwa kutazama video na Kiarabu kwa kusoma fomu. Mtu aliyejifunza mwenyewe hana mwalimu wa kumwambia kwamba sasa inatosha, kwa hiyo niliendelea. Nilipopewa kadi ya mkopo ya kwanza, nililipia kozi kumi na moja za mtandaoni, skrini mbili za kompyuta, mashine ya kuchapa vibandiko, na kiti cha ofisi chenye mto wa kiuno, riali elfu moja mia moja na hamsini. Kiti hakikuingia chini ya meza yoyote katika chumba chetu cha Al-Hindawiyah, ambamo tunaishi watu wanne. Mmoja wao, fundi wa friji kutoka Unguja, alikuwa akianika taulo lake juu yake.

Jumla ilifika riali elfu kumi na mia nane. Kila mwezi nililipa mia sita, na karibu mia mbili na arobaini kati ya hizo ziliondoka kama ada kabla deni halijaguswa. Niliandaa jedwali. Jedwali likasema mkataba wangu, uliokuwa umebakiza miezi kumi na minane, utaisha nikiwa bado nadaiwa, na benki itajikatia chake kwenye malipo yangu ya mwisho wa mkataba.

Malipo hayo hayakuwa yangu peke yangu. Dada yangu mkubwa anafanya kazi za nyumbani Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, kwa madam yuleyule mwaka wa tisa sasa. Tulikuwa tumekubaliana kwamba mkataba wangu ukiisha naye anaaga, fedha hizo zinamalizia nyumba yake kule Kwale, iliyosimama bila paa, na tunapanda ndege moja. Alikuwa ameshaanza kununua shuka. Hakuwahi kuniuliza habari za pesa, kwa sababu katika familia yetu mimi ndiye ninayejua pesa.

Ndipo nikasoma kwamba benki moja ya Jeddah inatoa kadi inayobeba deni la kadi nyingine na kukuacha ulilipe miezi kumi na minane bila ada. Nilichukua kikokotoo. Elfu kumi na mia nane kugawanya kwa kumi na nane ni mia sita kamili. Hakuna baki. Sikumbuki hesabu nyingine maishani iliyonifurahisha namna ile.

Masharti yalikuwa manne: mshahara unaoingia benki kila mwezi, barua ya mwajiri yenye mhuri, ikama, yaani kibali cha ukaazi, isiyokaribia kuisha, na taarifa ya akaunti ya miezi sita. Nilitengeneza faili lenye vigawanyio vya rangi, kila kimoja na kibandiko chake: IKAMA, BARUA, MSHAHARA, TAARIFA. Nyuma kabisa niliweka karatasi za kadi ya zamani, chini ya kibandiko kilichosema DENI. Nililichapa kwa herufi kubwa kuliko mengine kwa sababu lilikuwa neno fupi, na nilitaka vibandiko vyote vilingane upana.

Afisa wa benki alikuwa binti wa Kisaudi wa rika langu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi zangu mbele ya kioo cha bafuni kwa siku nne.

"Ustadha," nikamwambia kwa Kiarabu, "ninakuarifu kwamba mimi ni mwombaji, na nimeambatisha nyaraka zifuatazo."

Akainua macho. "Akhi, unaongea kama fomu ya forodha."

"Ndiko nilikojifunzia."

Hakucheka, na hilo lilinipa moyo. Akapitia ikama, barua, mshahara, akitikisa kichwa kukubali kila kimoja. Alipofika kwenye taarifa ya akaunti akapunguza mwendo. Akarudi ukurasa uliotangulia, akasogea mbele, akageuza karatasi ili nami nione.

"Tarehe ishirini na nane," akasema. "Wanawake tisa wanakutumia riali mia tatu kila mmoja. Mwezi uliopita tisa, mwezi juzi tisa. Na wote wameandika sababu moja."

Niliiona. Niliiona kama mtu anayeonyeshwa picha yake akiwa amelala. Kwenye karatasi, mara tisa kwa kila mwezi, safu imenyooka kama askari, ilisomeka: *msaada wa familia. Msaada wa familia. Msaada wa familia.*

"Kwa hiyo," akasema afisa taratibu, "hawa wanakusaidia."

Lazima nieleze. Dada yangu na wenzake wanane, Wakenya wote, wote wafanyakazi wa nyumbani huko Riyadh, wana chama. Kila mmoja anatoa mia tatu kwa mwezi, na kila mwezi mmoja anapokea zote elfu mbili na mia saba kwa zamu. Miaka miwili kabla, dada alipendekeza pesa zipitie kwangu, kwa sababu nina akaunti ya mshahara na ninajua siku ambayo bei ya kutuma Kenya ni nafuu. Wakaniita karani. Sikulipwa chochote, na sijawahi kuipenda kazi kama ile. Ukituma pesa kwa simu, benki inakuuliza sababu na kukupa orodha ya kuchagua. Mwanzoni kila mmoja alichagua lake: zawadi, akiba, matibabu, mmoja alichagua ada ya shule kila mwezi bila kukosa. Jedwali langu lilionekana kama kabati la mtu asiyekunja nguo. Nikawaandikia maelezo ya hatua saba, yenye picha, nikawaomba wote wachague msaada wa familia. Walitii. Walikuwa wanatii kila nilichoandika kwa hatua.

Hivyo ndivyo, kwa mkono wangu mwenyewe, nilivyojisajili kwenye kumbukumbu za benki kama mwanamume anayelishwa na watumishi tisa.

"Ni dada zangu," nikasema.

"Wote tisa?"

"Mmoja ni wa tumbo moja. Wengine ni wa… kazi."

"Na pesa zinaenda wapi? Zinatoka siku ya pili, zote."

"Zinaenda kwa mmoja wao. Kila mwezi mwingine."

Nadhani alielewa. Bibi zao Wasaudi nao wana mchezo kama huo, wanauita jamia, aliniambia baadaye. Lakini kompyuta yake haikuwa na bibi. Akafunga faili langu kwa heshima.

"Mimi sikukatalii. Mfumo unaona pesa za watu zikipita kwako, na mfumo haupendi. Niletee miezi mitatu safi. Mshahara uingie, matumizi yatoke, halas. Kisha njoo kwangu."

Miezi mitatu safi maana yake chama kiondoke kwangu. Na sikuweza kukiondoa bila kusema kwa nini.

Niliamua kudanganya, lakini kwa utaratibu. Niliandika ukurasa mmoja wenye kichwa "Mabadiliko ya Muda ya Mfumo", nikautoa nakala kumi, nikazipitisha kwenye plastiki ngumu. Kisha nikapanda basi la Riyadh Alhamisi alasiri. Tiketi ya ndege ingekuwa rahisi kwa mwili, ila ingebidi nitumie kadi.

Ijumaa baada ya alasiri walikutana pale wanapokutana siku zote, katika bustani ya watoto Al-Naseem, kwenye mkeka uliotandikwa nyuma ya bembea. Ilikuwa majira ya baridi. Walivaa sweta juu ya abaya na soksi ndani ya kandambili. Wanne tu ndio walioruhusiwa kutoka siku ile. Watano waliobaki walikuwa kwenye simu ya dada yangu, iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai katikati ya mkeka kama mgeni rasmi. Mwenyekiti, mama wa makamo kutoka Bungoma aliyelea watoto wa nyumba tatu tofauti za mtaa ule, alisali kwa Yesu. Dada yangu akasoma Fatiha. Yote mawili yalichukua dakika moja, kwa sababu wa kwenye simu walikuwa kazini.

"Haya karani," mwenyekiti akasema. "Umetoka Jeddah na basi. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mwenyekiti. Ni mabadiliko madogo tu ya mfumo."

Nikagawa karatasi zangu za plastiki. Mmoja wao, msichana wa Nakuru ambaye ndiye mdogo wao, akaigonga yake kwa ukucha.

"Hii hata maji haiingii," akasema. "Hii ni menu."

"Inasema nini?" sauti ikauliza kutoka kwenye simu. "Mimi sioni, niko na vyombo."

"Inasema mfumo," dada yangu akasema, akinitazama.

"Mfumo gani?"

"Wa benki," nikasema. "Benki imeomba kwamba kwa miezi mitatu…"

"Benki imeomba na barua?" mwenyekiti akauliza.

"Sio barua hasa."

"Basi tuone karatasi. Si uko na faili hapo? Wewe huwa na karatasi ya kila kitu."

Hapo nilifanya kosa ambalo mtu asiye na utaratibu asingelifanya. Mtu asiye na utaratibu angesema karatasi ameziacha nyumbani, na wangemwamini. Mimi nilifungua faili. Nilitaka kutoa taarifa ya akaunti tu, kigawanyio cha nne, lakini mikono yangu ilikuwa na baridi, na faili likafunguka nyuma, mwishoni, kwenye neno moja la herufi kubwa ambalo lingeweza kusomwa kutoka kwenye bembea.

Wakalisoma wote wanne kwa pamoja, bila sauti.

"Ya nani hiyo?" dada yangu akauliza.

Mwenyekiti alinyoosha mkono na nikampa faili, kama ninavyompa mtu wa forodha. Akavaa miwani.

"Kumi na mia nane," akasema.

"Elfu?" simu ikauliza.

"Elfu kumi na mia nane. Subirini nisome." Akapitisha kidole. "Kozi. Kozi. Kozi. Skrini. Skrini nyingine. Kozi. Kiti." Kidole kikasimama. "Kiti elfu moja mia moja na hamsini. Karani, hicho kiti kinapika?"

"Hapana, mwenyekiti."

"Kina nini?"

"Kina mto wa kiuno."

"Uko na shida ya kiuno?"

"Hapana. Niliogopa nitaipata."

Msichana wa Nakuru akajifunika uso na karatasi ya plastiki. Mabega yake yakawa yanatikisika.

"Na hii? Mashine ya vibandiko."

"Ya kuchapa majina. Ya kubandika kwenye faili."

Mwenyekiti akageuza faili, akalitazama neno lile kwa muda. "Ndiyo imeandika hii?"

"Ndiyo."

"Imeandika vizuri."

Dada yangu hakucheka. Alikuwa amekunja mikono ndani ya sweta. Nilimjua vya kutosha kujua anahesabu nini. Alikuwa anahesabu mabati.

"Naam, madam! Naja, madam!" simu ikapiga kelele, kisha ikanong'ona, "Msiendelee bila mimi."

Tukasubiri dakika tatu. Aliporudi yule wa kwenye simu, mwenyekiti aliuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa tangu basi lilipopita Taif.

"Pesa yetu iko wapi?"

Nilifungua simu yangu nikaonyesha jedwali. Nilionyesha miezi yote ishirini na mitano, kila aliyepokea, kila risiti ya kutuma, bei ya siku ile. Nilikuwa naongea haraka sana na kwa Kiswahili cha fomu. Mwenyekiti hakuangalia simu yangu. Alikuwa ameingiza mkono kwenye mkoba, akatoa daftari la shule la kurasa thelathini na mbili, jalada lake lina picha ya twiga. Akalifungua. Mlikuwa na tarehe, zamu, na alama ya tiki kwa kila mwezi tangu wa kwanza.

"Ya mwisho ilienda kwa huyu wa Nakuru," akasema. "Elfu mbili na mia saba. Ilifika?"

"Ilifika," akasema msichana.

"Basi iko sawa."

"Mwenyekiti," nikasema, "una daftari?"

"Hata mimi niko nalo," simu ikasema.

"Na mimi," akasema msichana wa Nakuru. "Langu liko kwa simu, lakini."

Niligeuka kumtazama dada yangu. Akatazama bembea. Dada yangu wa tumbo moja, aliyenileta kwenye kazi ile, alikuwa na daftari.

"Si ati hatukuamini," mwenyekiti akasema. "Tulikuwa tunakuangalia tu."

Kwa miezi ishirini na mitano nilikuwa nalala nikidhani wanawake tisa wananitegemea nisikosee hata riali moja. Kumbe ningekosea wangeniambia ndani ya saa moja. Sijui kwa nini jambo hilo, ambalo lingepaswa kunipumzisha, liliniuma kuliko kiti.

Kisha nikasema ukweli, kwa sababu sikuwa na kigawanyio kingine cha kujificha nyuma yake. Niliwaambia kuhusu kadi mpya, miezi kumi na minane, mia sita bila baki, na msaada wa familia mara tisa. Msichana wa Nakuru alicheka hadi akalala kwenye mkeka.

"Ati sisi ndio tunakulisha!"

"Mwambieni asafishe taarifa yake," simu ikasema. "Hata mimi singemkopesha."

Wakaamua bila mimi, nikiwa nimekaa palepale. Chama kihamie kwa mwenyekiti, kwenye akaunti yake ya simu, kuanzia mwezi ule. Si kwa miezi mitatu. Moja kwa moja. Nilijitolea kumwandikia maelezo ya hatua. Akasema hana haja.

"Lakini ukiona bei nzuri ya kutuma," akaongeza, "tuma meseji."

Dada alinisindikiza kituoni. Alinunua shawarma mbili, akanipa zote mbili, akanitazama nikila.

"Uliogopa nini kuniambia?"

"Nilitaka nimalize kwanza, halafu nikwambie limekwisha."

"Ningejua lini?"

"Usingejua."

Akafikiri. "Wewe ulipokuwa darasa la tatu ulikosa swali moja kwenye mtihani wa hesabu. Ukaila ile karatasi. Mama akakukuta unatafuna."

"Sikumbuki."

"Mimi nakumbuka. Nilikupa maji." Akafuta mikono yake kwa karatasi ya shawarma. "Ukija tena na deni, usije na plastiki."

Miezi mitatu safi ilikuwa miezi ya ajabu. Tarehe ishirini na nane simu yangu haikulia hata mara moja. Nilikuwa nimezoea kuisikia ikilia mara tisa, na kwenye mara ya tisa nilikuwa najipongeza kwa chai ya maziwa. Sasa nilikaa ofisini nikiitazama. Mwezi wa pili nilimwandikia mwenyekiti kumuuliza kama wote wametuma. Akajibu kwa picha ya ukurasa wa daftari la twiga, tiki tisa, moja imechafuka na mafuta. Hakuna aliyecheleweshewa zamu. Dada yangu alipokea yake mwezi wa tatu, siku ileile ambayo ningemtumia mimi.

Taarifa yangu ilionekana kama ya mtu aliyekufa ambaye bado analipwa mshahara. Niliipenda. Nilijua pia kwamba imekuwa nzuri kwa sababu imekuwa tupu.

Afisa wa benki alinikumbuka.

"Dada zako wako wapi?"

"Wamehama, ustadha."

"Wako salama?"

"Salama sana."

Alichapa kwa dakika chache. Nilihesabu vigae vya sakafu kati ya meza yake na mlango. Ishirini na viwili, cha mwisho kimekatwa.

"Mabruki," akasema. "Umekubaliwa. Elfu saba na mia tano."

Wakati huo deni langu lilikuwa elfu tisa na mia saba. Nilimwambia hivyo. Akasema anajua, ni kwa mujibu wa mshahara. Nikauliza kama ninaweza kuleta nyaraka zaidi. Akalitazama faili langu, nadhani kwa huruma.

"Akhi, una nyaraka za kutosha. Huna mshahara wa kutosha."

Nilikuwa nimebakiza miezi kumi na mitano ya mkataba. Elfu saba na mia tano kugawanya kwa kumi na tano ni mia tano bila baki, na nilitambua kwamba furaha yangu ya kwanza, kabla hata ya huzuni, ilikuwa hiyo. Ila zilibaki elfu mbili na mia mbili kwenye kadi ya zamani, zikiendelea kuzaa ada kwenye jedwali langu kama sungura. Nilimpigia dada jioni ileile. Nilianza na kiasi. Hakukuwa na utangulizi wala plastiki.

"Elfu mbili na mia mbili," akarudia. "Ngoja."

Siku mbili baadaye niliambiwa niwe karibu na simu Ijumaa baada ya alasiri. Mzunguko wa chama ulikuwa umekwisha na mpya unaanza. Dada alikuwa amependekeza mtu wa kumi.

Niliweka faili mapajani. Nilikuwa nimelifanya upya. Nilikaa kwenye kiti cha elfu moja mia moja na hamsini, na yule fundi wa Unguja akaketi kitandani kwake kusikiliza, kwa sababu chumba chetu hakina mahali pengine pa kwenda.

"Karani," sauti ya mwenyekiti ikasema, na nyuma yake bembea ikilia kiii, kiii. "Tumesikia unataka kuingia. Uko na kazi?"

"Niko nayo. Nina barua ya mwajiri yenye…"

"Barua weka chini. Unalipwa tarehe ngapi?"

"Ishirini na saba."

"Benki imekukubali?"

"Imenikubali kwa elfu saba na mia tano."

"Basi benki imekukubali kidogo. Na sisi tutakukubali kidogo. Ukipata pesa yetu utanunua nini?"

"Nitamalizia kadi ya zamani na kuifunga."

"Hutanunua kozi?"

"Hapana."

"Hutanunua kiti?"

Fundi alikohoa. "Hapana, mwenyekiti. Na hiki nitakiuza."

"Nani anakudhamini?"

Bembea ililia mara mbili. Kwenye orodha yangu ya maswali niliyotarajia, yaliyokuwa kumi na tisa, hilo halikuwemo. Benki haikuwa imeniuliza. Katika chama, mdhamini ni yule anayelipa mia tatu zako usipolipa, na wote wanaambiwa ni nani.

"Mimi," dada yangu akasema. "Akishindwa, mkate kwenye zamu yangu."

"Umesikia, karani?"

"Nimesikia."

"Zamu yako ni ya kumi."

Kumi kati ya kumi ndiyo nafasi ya mtu asiyejulikana. Unawalipa wenzako wote kabla hujapokea chochote, ili hata ukitoroka usiwe umetoroka na kitu. Miaka miwili nilikuwa nawapangia watu wengine nafasi hiyo ya mwisho, wageni, kwa kibandiko cha njano. Nilisema ahsante. Nilisema kwamba kwa mahesabu yangu, zamu ya kumi inaangukia miezi mitano kabla ya mkataba kwisha, kwa hiyo kadi ya zamani itafungwa mapema na…

"Karani," sauti nyingine kwenye simu ikasema kutoka jikoni kwa mtu, "tunajua. Tumehesabu."

Kiti alikinunua fundi, riali mia mbili. Nilidai mia nne. Akasema taulo lake ndilo lililokaa pale muda mrefu kuliko mimi.

Tarehe ishirini na saba mshahara ulipoingia, nilifungua simu nitume mia tatu zangu za kwanza kwa mwenyekiti. Benki ikaniuliza sababu. Nikasoma orodha yote, kutoka juu hadi chini, kisha kutoka chini hadi juu. Nilifikiria afisa wa benki akisoma. Nilifikiria mfumo. Baada ya dakika kumi na moja nikachagua kodi ya nyumba, kwa kuwa mtu anayelipa kodi ni mtu aliyetulia.

Mwenyekiti alipiga mara moja.

"Karani. Kwani mimi ndio nimekupangisha?"

"Hapana, mwenyekiti. Nilifikiri benki ikiona…"

"Benki si ilishakupa kadi?"

"Ilinipa."

"Basi." Nilimsikia akiandika tiki, kalamu yake inakwaruza. "Imefika. Salimia fundi."

Mwezi uliofuata nilichagua "nyinginezo", ambayo iko mwisho kabisa wa orodha, na hakuna aliyepiga. Leo nimebakiza miezi minane ya mkataba. Tarehe ishirini na nane asubuhi dada hunitumia ujumbe wa neno moja, "Umetuma?", nami humjibu kwamba nimetuma jana, na anajua kwamba nimetuma jana, kwa sababu analo daftari.